Pasi Ilikuwa Sawa

Mghange,
27 Desemba 1954

Mdogo wangu Donald,

Huku mlimani tu wazima, isipokuwa Mama anakohoa kwa ajili ya ukungu, na magoti yake ni yale yale unayoyajua. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume. Mjomba Gibson anakusalimu na anauliza kama reli wamekufunga kamba mguuni, maana hii ni Krismasi ya kwanza kukosa kukuona tangu uanze kazi.

Krismasi yenyewe usiulize. Chifu alituma watu nyumba kwa nyumba kutangaza: hakuna kuzunguka na taa kuimba, hakuna ngoma, hakuna kukusanyika jua likishatua. Basi tuliimba kanisani saa nane mchana, kwenye jua kali, zile nyimbo za usiku mtakatifu, na askari wawili wamesimama mlangoni wakitutazama mikono. Watu waliimba kama wako matangani. Tangu habari za mauaji ya lile shamba la katani chini ya Ndara zifike huku, wanawake wanalala na mchi kando ya mlango. Hata mimi ninalala na mchi, Donald, na tumbo hili la miezi sita.

Ninalala nao kwa sababu sina mwanamume nyumbani. Reuben aliteremka tarehe kumi na nane kwa lori la Thadeus la mboga. Alikuja kununua sukari, mchele na kitambaa cha mtoto, alale kwako siku mbili, kisha mpande pamoja. Thadeus amerudi peke yake. Anasema alisikia sokoni kwamba Reuben alikamatwa landi, huko kwenye nyumba zenu za reli, mlangoni pako, na zaidi ya hapo hajui. Wewe unajua. Wewe ni karani, karatasi hukosi. Niandikie mume wangu yuko wapi na amefanya nini.

Dada yako,
Wakesho

Voi Stesheni,
16 Januari 1955

Kwa Dada Wakesho mpendwa,

Kwanza pokea mkono wangu wa salamu kutoka huku kwenye joto na vumbi, na umpe Mama mkono huo huo, na Mjomba Gibson, na majirani wote wanaoniulizia. Mimi mwili wangu ni mzima. Kazi ni nyingi. Magari ya moshi yanapita mengine usiku bila taa, na sisi makarani tumekatazwa kusema yamebeba nini.

Krismasi ya huku nayo ilikuwa baridi. Ochola mlinzi, yule Mjaluo aliyekuwa akiimba sauti nzito karibu nami kwenye kwaya, ndiye mmoja wa wale watatu waliouawa kule shambani. Alikatwa mlangoni mwa ghala, na ghala likachomwa. Mkewe, Ajwang', nilimwandikia mimi mwenyewe kibandiko cha sanduku lake aliporudi kwao Nyanza. Hakulia. Aliniuliza tu kama gari litasimama Nairobi muda mrefu, kwa sababu anaogopa Nairobi. Baada ya hapo kila mtu akawa anamwogopa mwenzake. Polisi walikusanya mapanga yote ya landi na visu vya kukatia katani, hata ikafika Krismasi watu hawana cha kuchinjia. Jirani yangu Jeconia, mzee wa kanisa, alichinja jogoo kwa wembe. Tulikula kimya na mlango umefungwa, saa sita mchana.

Kuhusu shemeji Reuben, ni kweli alichukuliwa tarehe ishirini, asubuhi, pamoja na Wakikuyu wengine waliopatikana landi. Mambo yalikwenda upesi. Nasikia wako katika ile kambi mpya ya seng'enge, si mbali na hapa. Tumwombee. Sukari, mchele na kitambaa alivyokuwa amenunua nimempa Thadeus akuletee.

Ni mimi mdogo wako,
Donald

Mghange,
6 Februari 1955

Donald,

Sote wazima. Mama anakohoa. Barua yako ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi, kwa hiyo na huyo anayesoma kabla yangu naye namsalimu.

Salamu zako zimejaa robo ya karatasi, jogoo wa Jeconia ana nafasi yake, na mume wangu amepata mistari minne. Ochola namlilia, nilimjua kwa sauti yake. Lakini juu ya Ochola hukuniacha na swali. Swali umeniachia juu ya Reuben.

Nisikilize. Reuben ana pasi, karatasi ya serikali ya kumruhusu kutembea. Ilipigwa muhuri Wundanyi mwezi wa Novemba, niliiona kwa macho yangu, na ameishi huku mlimani miaka saba akijenga kuta za watu, na ukuta wa kanisa letu ni wake. Kwa nini mtu mwenye pasi achukuliwe? Nimelala nikiwaza, nikakumbuka ile ngozi kidoleni.

Usijifanye umesahau. Oktoba Mjomba alichinja mbuzi, akasema mtoto huyu hawezi kuzaliwa kwa baba asiye na ndugu huku, tumpokee Reuben awe wa nyumba yetu kabisa. Padri hakuambiwa. Mjomba alikata zile pete za ngozi, na wewe ndiwe uliyemvalisha Reuben yake, akakuvalisha yako, na Mjomba akasema zisikatwe, ziachwe zikauke zianguke zenyewe. Reuben aliishika sana ile pete. Alikuwa akichanganya saruji mkono mmoja ili isilowe, nikamcheka.

Sasa hivi kila mtu anasema Mau Mau hulishana kiapo kwa nyama ya mbuzi na ngozi ya mbuzi. Mtu asiyejua mila yetu akiiona pete ile atafikiri nini? Lakini Mdawida mmoja tu, mtu wa kabila letu, angetosha kusema, huyu ni mkwe wetu, hii ni ya ukweni. Kulikuwa na Mdawida hapo, Donald? Na aliyetafsiri maneno ya Inspekta wa polisi ni nani?

Nijibu hayo mawili. Hali ya joto ya Voi nimeshaielewa.

Dada yako

Voi Stesheni,
13 Machi 1955

Kwa Dada Wakesho,

Natumaini barua hii itakukuta salama na siku zako zimekaribia kwa heri. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Tulikuwa na ukaguzi wa hesabu za mizigo, kisha nikapata homa siku nne. Padri amenipa kusoma somo kila Jumapili, si sikukuu tu. Mama atafurahi, mwambie.

Umeuliza mambo ambayo si mazuri kuyaandika. Barua zinafunguliwa, umesema mwenyewe. Mambo ya mbuzi tuyaache. Mwambie Mjomba naye ayaache, asiyaseme klabuni wala kwa Chifu. Hata wewe kama unayo ile pete ya kwako, iondoe. Siku hizi neno dogo linaweza kuangusha nyumba nzima.

Shemeji ni mtu mwema na serikali itaona hivyo kwa wakati wake. Nakutumia blanketi la mtoto. Ni la sufu, lisifuliwe kwa maji ya moto.

Donald

Mghange,
27 Machi 1955

Donald,

Nimejifungua tarehe kumi na nne, msichana. Anaitwa Dinah, na ana paji la uso la baba yake kabisa, pana, utadhani amezaliwa akiwaza. Mama alimpokea kwa mikono yake. Blanketi limefika.

Sasa sikiliza jambo lililofika siku moja na blanketi. Thadeus anajuana na Mkamba mmoja, Kituku, anayepeleka kuni kambini kwa lori. Reuben alikuwa kwenye kundi la kushusha kuni. Walizungumza maneno machache, na Kituku akampa Thadeus, na Thadeus akaja kunipa mimi nikiwa kitandani, amevua kofia.

Anasema Reuben yu hai. Amekonda. Kila wiki wanamwita na kumuuliza swali moja: nani alimvalisha ile pete ya ngozi. Yeye anasema aliivaa mwenyewe. Wanajua ni uongo, kwa hiyo wameandika kwamba ni mkaidi, na wakaidi hawatoki. Wengine wa landi waliochukuliwa naye wameanza kutoka, yeye bado.

Kisha akasema hivi, na Thadeus alirudia mara mbili ili asikosee: "Mwambie Donald sijamtaja. Asiwe na hofu."

Nimeyabeba maneno hayo wiki nzima huku nikinyonyesha. Mume wangu yuko ndani ya seng'enge na anatuma watu waje kukutoa wewe hofu. Hofu ya nini? Mimi ni dada yako, nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, sitakuomba tena kwa upole. Andika ulichofanya.

Wakesho

Voi, Ijumaa Kuu
8 Aprili 1955

Dada Wakesho,

Leo sikwenda kanisani. Nilimwambia Jeconia ninaumwa.

Mkalimani nilikuwa mimi.

Walikuja saa moja asubuhi. Reuben alikuwa amekaa kizingitini anakunywa chai. Usiku uliotangulia tulikuwa tumezungumza juu ya mabati tu, kwamba atanisaidia kuezeka nyumba ya Mama upya. Hatukuwa na neno jingine, wala hakuna aliyewaza polisi. Inspekta aliuliza nani anajua Kiingereza, nami nikasimama, karani wa reli, na kalamu mfukoni. Waliangalia pasi. Pasi ilikuwa sawa. Inspekta alikuwa ameshaikunja kumrudishia.

Ndipo akaona kidole. Akauliza ni nini. Reuben akajibu kwa Kiswahili, bila wasiwasi, "Ni ya ukweni, Bwana, nimepokelewa nyumbani kwa mke wangu." Nikatafsiri. Nilitafsiri sawasawa, Dada, hilo nilifanya. Inspekta akanigeukia, akasema, wewe ni wa kabila hilo, je, ni desturi yenu?

Jeconia alikuwa amesimama mlangoni kwake, hatua tano. Nilikuwa nimechaguliwa siku tatu kabla kusoma somo la Krismasi. Nikafikiri, nikisema ndiyo, kanisa lote litajua nimekaa kwenye mbuzi wa Mjomba. Kisha nikafikiri, na Inspekta ataniuliza nani mwingine alikula mbuzi yule. Ochola alikuwa hana hata siku tisa kaburini. Pete yangu mimi niliikata kwa wembe njiani, siku ile ile niliyotoka nyumbani Oktoba, kabla lori halijafika Mwatate, nikaitupa. Kidole changu kilikuwa safi.

Nikasema, "Hapana, Bwana. Sisi ni Wakristo. Hatuna jambo la namna hiyo."

Reuben hajui Kiingereza lakini alielewa. Aliniangalia kidogo, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayengoja nimalize kusema. Inspekta akaitia pasi mfukoni mwake.

Krismasi nikasoma somo. Sauti haikutetemeka, na Padri akanisifu. Tangu siku hiyo ninaogopa, si Mau Mau, wala polisi. Ninaogopa barua zako. Zikifika naziweka chini ya godoro siku mbili tatu kabla ya kufungua. Nimekuonea, nimemwonea mumeo, nimemwonea mtoto ambaye sijamwona. Sikuwa na homa ile niliyokuandikia.

Niambie la kufanya.

Donald

Mghange,
17 Aprili 1955

Donald,

Unajua la kufanya. Hukunihitaji mimi ulipokuwa ukisema hapana.

Nenda kwa Bwana D.O., yule ofisa wa serikali wa wilaya, useme ndiyo. Mjomba atateremka na Thadeus Jumanne aje ashuhudie. Yeye Kiingereza hana, kwa hiyo utamtafsiria, neno kwa neno, mbele ya Jeconia na Padri na yeyote atakayetaka kusikia.

Mama sijamwambia. Anadhani machozi yangu ni ya uzazi.

Wakesho

Voi,
19 Juni 1955

Dada Wakesho,

Salamu. Natumaini Dinah anaendelea kunona.

Mjomba ameshakuambia mengi, lakini nataka uyapate kwangu pia. Tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza Bwana D.O. hakuwepo. Mara ya pili alisikiliza akaniuliza, "Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?" Nikamwambia wakati ule. Akaniuliza atajuaje. Nikamwomba amsikilize Mjomba. Mara ya tatu Mjomba alieleza mambo yote kuanzia kuchagua mbuzi, bila haya hata kidogo, nami nikatafsiri, na mwisho akataka kumwonyesha Bwana D.O. jinsi pete inavyovalishwa kwa kutumia kidole cha Bwana D.O. mwenyewe. Karani wake alicheka. Yeye hakucheka, lakini aliandika. Kurasa mbili. Nilitia sahihi kila ukurasa.

Nilimwambia Padri kabla hajasikia kwa wengine. Ameniondoa kwenye kusoma, na meza ya Bwana sitaikaribia hadi Pasaka ijayo. Jeconia haniitikii salamu, wala simlaumu. Kazi bado ninayo, ingawa mkuu wa stesheni ameniita mara mbili.

Nilidhani nikishasema nitalala. Bado silali. Wanasema faili lazima liende Nairobi lirudi. Kila gari la mizigo likitoka upande ule wa kambi natoka nje kuangalia, hata wakati wa kazi. Bado.

Krismasi nikija, mtanipokea?

Donald

Mghange,
11 Desemba 1955

Mdogo wangu Donald,

Nimekaa miezi sita bila kukujibu. Nilikuwa nikianza barua, nikifika jina lako naacha.

Reuben amerudi. Alishuka kwenye lori la Thadeus Jumamosi iliyopita, saa tisa, amebeba kopo na shati moja. Sikio la kushoto halisikii, na hasemi kwa nini. Dinah alimwogopa, akatambaa kujificha nyuma ya Mama. Alikaa chini uani, akasubiri bila kumwita, mpaka mtoto akatambaa mwenyewe kuja kugusa vidole vyake vya miguu. Ndipo nikalia. Tangu Aprili nilikuwa sijalia mbele ya mtu.

Jioni watu walijaa. Mwaka huu Chifu ametuachia kidogo, tunaweza kuimba mpaka saa mbili, ngoma moja. Lakini watu bado wanaketi wakiangalia mlango. Tulipika kimanga cha mihogo na maharage, Mjomba akaleta kuku. Watu wakala, kisha mmoja akauliza lile lililokuwa mioyoni mwao, maana maneno ya kwa D.O. yamefika huku zamani: ni kweli Donald alikukana?

Mama aliacha kutafuna. Hakuwa amesikia kamwe, kila mtu alikuwa amemficha; alijua tu kwamba husomi tena kanisani.

Reuben akajibu pale pale, mdomo una kuku. Akasema, "Tulikubaliana. Usiku ule tulizungumza, nikamwambia polisi wakija wakiuliza habari ya pete, sema huijui, wasije wakachukua nyumba nzima. Donald alifanya nilivyomwambia." Kisha akaomba chumvi.

Mama alifurahi. Alisema, "Nilijua mwanangu hawezi." Akaanza kukusifu mbele ya watu, jinsi ulivyobeba siri nzito mpaka ukanyang'anywa kusoma kanisani. Watu wakaitikia kwa vichwa. Unajua huku habari inavyokwenda, kesho yake ulikuwa shujaa hadi Werugha.

Mimi niliishika sahani yangu mapajani. Barua yako ya Ijumaa Kuu ninayo, iko kwenye sanduku chini ya nguo za mtoto. Mlizungumza juu ya mabati. Nilimuuliza Reuben tulipobaki wawili. Alisema, "Niliyosema ndiyo hayo," akanigeuzia lile sikio lisilosikia. Nimeishi naye miaka mingi, najua akisema uongo. Amekusamehe, na ameulinda uso wako mbele ya Mama, na hataki ashukuriwe.

Mimi sijakusamehe. Nakuandikia waziwazi ili usije ukanisoma vibaya kwa kuwa nitakupikia. Uliniuliza kama tutakupokea. Njoo. Kitanda chako kipo, Dinah anafundishwa kusema mjomba, na Mama ameshafuma soksi.

Lakini ujue. Siku ya Krismasi tukishatoka kanisani nyumba itajaa, na Mama atakuweka katikati, akuulize mbele ya watu wote kama ilikuwa hivyo alivyosema Reuben. Ameshaniambia atauliza. Reuben atakuwa hapo. Inspekta hatakuwepo. Nami nitakuwa nimekaa karibu, nisikie utakavyojibu.

Dada yako,
Wakesho